Motokaa Inapopiga Kelele Ngeni na Kupungukiwa na Nguvu

Kila alfajiri magari mengi hushuka kutoka Limuru, Kikuyu, Kinoo na Uthiru kuingia katikati ya mji wa Nairobi. Mengine huchukua maziwa, viazi na sukumawiki za kupeleka sokoni. Mengine huchukua makarani waendao kazini. Jioni magari hayo hayo hurudi magharibi, na njia ya kurudia ni ya kupanda. Hapo ndipo motokaa iliyokuwa kimya asubuhi huanza kusema. Sauti ngeni husikika chini ya boneti, mguu hukandamiza mafuta lakini mwendo hauongezeki, na wenye haraka walio nyuma huanza kupiga honi.

Mwenye gari akisikia hivyo hushikwa na hofu, na hofu yake ina sababu. Motokaa ya mtu wa kawaida imenunuliwa kwa akiba ya miaka mingi, au kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo. Ikilala gerejini juma zima, maziwa hayangoji wala mkopo hausimami. Lakini mara nyingi hasara kubwa haitokani na ugonjwa wenyewe, bali hutokana na matibabu ya kubahatisha: leo hununuliwa pampu ya mafuta, kesho plagi, kesho kutwa injini nyingine, na ugonjwa ungali pale pale. Kelele na upungufu wa nguvu ni dalili mbili zenye utaratibu wake wa kuchunguzwa, na utaratibu huo huanzia kwa mambo yasiyo na gharama: sikio, jicho na kumbukumbu.

NGUVU INAYOCHUKULIWA NA MLIMA

Kabla ya kusema kwamba injini inaugua, yafaa kujua ya kuwa Nairobi yenyewe hupunguza nguvu za karibu kila injini. Kituo cha reli, ambacho ndicho kilichouanzisha mji mwaka 1899, kiko zaidi ya futi 5,400 juu ya usawa wa bahari. Limuru iko zaidi ya futi 7,000. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi. Katikati ya Nairobi mgandamizo wake ni kama sehemu nane tu katika kumi za ule wa Mombasa. Injini huchoma petroli kwa msaada wa hewa, na ikikosa hewa ya kutosha haiwezi kuchoma petroli nyingi.

Hesabu inayotumiwa na mafundi ni kwamba injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kusukumia hewa ndani, hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000. Basi motokaa iliyoandikwa kuwa na nguvu za farasi 100 hubakiwa na kama 84 mjini Nairobi, na kama 79 huko Limuru. Mtu aliyenunua gari Mombasa akalileta Kikuyu asishangae likipanda kwa uvivu kuliko lilivyofanya pwani.

Upungufu wa namna hii una alama zake. Huwa ni ule ule kila siku, haufuatani na kelele, wala hauongezeki mwezi baada ya mwezi. Ugonjwa, kinyume chake, huanza siku fulani na kukua. Njia nyepesi ya kuutambua ni kuchagua mlima mmoja na kuufanya mizani. Kwa akaaye upande wa magharibi, mwinuko wa kutoka Museum Hill mpaka Westlands watosha, au ule wa Kangemi kuelekea Uthiru. Upandwe kwa gia ile ile, mzigo ule ule, wakati barabara ni nyeupe, na mwendo uandikwe katika daftari. Gari lililopanda kwa kilomita 60 mwezi uliopita, na leo linapanda kwa 45, halidaiwi na mlima. Lina jambo.

SIKIO KABLA YA SPANA

Swali la kwanza ni hili: je, kelele yafuata mzunguko wa injini au mzunguko wa magurudumu? Gari lisimamishwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, gia iwe huru, kisha injini ipandishwe polepole. Kelele ikisikika na kuharakisha pamoja na injini, imo katika injini au vitu vinavyozungushwa nayo. Ikinyamaza kabisa na kurudi tu gari litembeapo, yafaa kutazama beringi za magurudumu, breki, shafti au gia. Jaribio hili halichukui dakika mbili, lakini limeokoa injini nyingi zisifunguliwe bure.

Swali la pili ni namna ya sauti yenyewe. Sauti nyepesi ya ti-ti-ti juu ya injini, ambayo mwendo wake ni nusu ya mwendo wa injini, mara nyingi hutoka katika valvu na tapeti, kwa sababu shafti inayozifungua huzunguka mara moja kila kranki izungukapo mara mbili. Sauti nzito ya kugonga kutoka chini, inayozidi gari likibeba mzigo, ni ya kuogopwa. Huenda beringi za konrodi zimelika. Sauti kali kama sarafu zinazotikiswa ndani ya kopo, isikikayo wakati wa kupanda mlima tu, ni petroli inayolipuka ovyo ndani ya silinda badala ya kuungua kwa taratibu. Mlio wa puf-puf-puf ni wa moshi unaotoroka mahali pasipofaa: labda gasketi ya ekzosi imeungua, labda plagi moja imelegea. Mlio wa kukwaruza chini ya sakafu, kama changarawe ndani ya debe, wapasa kutafutwa katika bomba la moshi. Na mlio wa kufoka, kama wa nyoka, kwa kawaida ni wa hewa inayovutwa kupitia mpira uliopasuka.

Mlio huo wa mwisho usidharauliwe. Katika magari mengi ya petroli, mvuto wa hewa wa injini ndio unaosaidia mguu kukandamiza breki. Mpira wa kwenda kwenye breki ukipasuka, injini hutetemeka na kupungukiwa na nguvu, na papo hapo breki huwa ngumu. Jaribio lake ni jepesi: injini ikiwa imezimwa, kanyagio la breki likanyagwe mara tano au sita mpaka liwe gumu, kisha likandamizwe na injini iwashwe. Kanyagio likishuka kidogo, msaada upo. Lisiposhuka, mtu asithubutu kuteremka mlima wowote na gari hilo.

Swali la tatu ni wakati. Kelele husikika injini ikiwa baridi ikatoweka ikipata moto, au huzaliwa na moto? Husikika mguu ukiwa juu ya mafuta, au ukiondolewa? Ilianza baada ya kujaza petroli mahali papya, au baada ya gari kutoka kwa fundi? Majibu ya maswali haya, yakiandikwa, yana thamani kuliko spea yoyote.

MAMBO MANNE AMBAYO INJINI HAIWEZI KUYAKOSA

Injini ya petroli yahitaji mambo manne: hewa, mafuta, cheche kwa wakati wake, na mgandamizo ndani ya silinda. Tena yahitaji mlango wa kutolea moshi. Ikipungukiwa na nguvu, kimojawapo kimekosekana, au nguvu yenyewe inapotea baada ya kutoka katika injini.

Hili la mwisho hutazamwa kwanza kwa kuwa halihitaji kufungua kitu. Gari la gia za mkono likipandisha mzunguko wa injini bila kuongeza mwendo, klachi inateleza. Baada ya safari ya kilomita kadhaa, mkono ukaribishwe kila gurudumu bila kuligusa. Moja likiwa na joto kuliko mengine, breki yake imeshikilia, na injini ilikuwa ikivuta gari na breki pamoja.

Baada ya hapo hufuata hewa. Chujio la hewa la gari liendalo kila siku katika vumbi la barabara za mashambani hujaa upesi kuliko kitabu kisemavyo. Kwa gari la dizeli, moshi mweusi wakati wa kupanda ni ishara ya mafuta mengi yaliyokosa hewa, na katika mwinuko wa Limuru jambo hilo huonekana mapema zaidi.

Kisha mafuta. Chujio lililoziba au pampu iliyochoka hudhihirika zaidi mlimani, kwa sababu hapo ndipo injini huomba mafuta mengi. Alama yake ni gari kwenda vizuri kwa mwendo wa polepole na kukatakata likitakiwa nguvu. Cheche na mgandamizo huja mwisho, na hapo ndipo mfano mmoja waweza kufundisha zaidi ya maelezo mengi.

MFANO WA KARANI WA UTHIRU

Chukua mfano wa karani afanyaye kazi katikati ya mji, akaaye Uthiru, mwenye motokaa ya silinda nne iliyoletwa kutoka Japani ikiwa imekwisha kutumika. Sheria ya Kenya hairuhusu gari la namna hiyo kuingia likiwa limepita miaka 8. Lakini likisha kuingia, huweza kufanya kazi miaka mingine 15. Basi mengi ya magari ya mjini ni wazee wanaohitaji macho.

Mwezi wa kwanza motokaa yatetemeka kidogo isimamapo kwenye taa za Uhuru Highway. Taa ya manjano yenye picha ya injini yawaka na kumetameta wakati wa kupanda, kisha yatulia. Karani aona kwamba gari bado linatembea, na mwezi ni mrefu. Anaendelea na safari. Juma la tano kelele ya changarawe yasikika chini ya sakafu. Juma la sita motokaa haivuki kilomita 40 kwa saa kutoka Kangemi kwenda juu.

Mshauri wa kwanza, bila kupima, asema ni pampu ya mafuta. Pampu yabadilishwa, lakini hakuna tofauti. Mshauri wa pili asikia kelele na kusema, "Mzee, injini hii imekwisha. Tafuta nyingine." Kwa bahati karani hana fedha za injini nyingine, akaenda kwa fundi wa tatu, ambaye kabla ya kugusa spana auliza maswali.

"Mzee, kelele hii ilianza lini?"

"Juma lililopita, fundi."

"Na kutetemeka?"

"Kutetemeka kulianza zamani kidogo. Mwezi sasa."

"Basi kutetemeka ndiye mzazi, na kelele ni mtoto. Tutamtafuta mzazi kwanza."

Fundi huyo aunganisha mashine ya kusomea hitilafu, nayo yaandika P0302, maana yake silinda ya pili haiunguzi sawasawa. Mtu mwenye pupa angenunua plagi na koili mpya papo hapo. Fundi hakununua kitu. Alitoa koili ya silinda ya pili akaiweka katika ya tatu, na ya tatu akaiweka katika ya pili, akafuta maandishi, akaendesha gari. Mashine ikaandika P0303. Ugonjwa ulihama pamoja na koili; kwa hiyo koili ndiyo mgonjwa, wala si silinda. Uchunguzi huo haukugharimu hata senti.

Lakini koili mbovu haiwezi kupiga kelele ya changarawe. Kelele hiyo ilitoka wapi? Ndani ya bomba la moshi la magari ya siku hizi kuna kisafisha moshi, nacho ni kama mzinga wa nyuki uliofanywa kwa udongo mgumu wa kuchomwa, wenye vijitundu vingi sana, uliopakwa madini ya thamani: platinamu, paladiamu na rodiamu. Kazi yake ni kugeuza sumu ya moshi. Silinda ikikosa cheche, petroli isiyoungua hutoka nayo hadi humo, ikaungulia humo. Joto hupita kiasi, udongo hupasuka au kuyeyuka, vijitundu huziba. Vipande vilivyovunjika hucheza ndani ya chuma. Hiyo ndiyo kelele. Moshi hukosa njia ya kutoka, na injini isiyoweza kutoa pumzi haiwezi kuvuta nyingine. Huo ndio upungufu wa nguvu. Ndiyo maana taa ile ya injini ikimetameta, badala ya kuwaka tu, mwendeshaji hutakiwa kupunguza mwendo na kutafuta msaada upesi.

Fundi alithibitisha shauri lake kwa njia mbili. Kwanza alikigonga kisafisha moshi kwa nyundo ya mpira gari likiwa limepoa, na vipande vikasikika vikicheza. Pili alifungua sensa iliyo mbele yake, akaweka kipimo cha mgandamizo, na injini ikazungushwa mara 2,500 kwa dakika. Bomba lililo wazi halipiti paundi 3 katika inchi mraba. Hili lilipita mno.

Mfano huu una mafunzo mawili. Kwanza, kama karani angenunua injini nyingine, nayo ikafungwa katika bomba lile lile, isingepanda Kangemi. Pili, kama angebadilisha kisafisha moshi peke yake na kuiacha koili mbovu, kipya kingeungua kama cha zamani. Kitu kilichotakiwa kutengenezwa mapema kilikuwa kidogo, na kilikuwa kikiomba msaada kwa taa na kwa mtetemeko tangu mwezi wa kwanza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wengine hukitoboa kisafisha moshi au kukiondoa na kuweka bomba tupu. Gari hupata nguvu, lakini moshi wake humwaga sumu njiani wapitapo watoto waendao shule, na taa ya hitilafu huendelea kuwaka, hata ugonjwa mpya ukija hauonekani. Tena mwenye gari ajue ya kuwa kisafisha moshi cha zamani kina bei kwa ajili ya madini yake. Asikiache gerejini bila kukiuliza.

KITABU KILIANDIKWA PWANI

Jambo moja huwaponza hata mafundi hodari wa Nairobi. Vipimo vilivyomo katika vitabu vya magari vimewekwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Tuseme kitabu chasema mgandamizo wa silinda uwe paundi 180 katika inchi mraba. Nairobi, injini ile ile, nzima kabisa, itaonyesha kama 150, kwa sababu hewa iliyoingia ndani ilikuwa nyepesi tangu mwanzo. Fundi asiyejua hilo huihukumu injini nzima kuwa imekufa ringi.

Vivyo hivyo kipimo cha mvuto wa hewa: pwani injini nzima huonyesha inchi 18 hadi 21, na Nairobi hupungua kama inchi 5. Kwa hiyo lililo muhimu si kulinganisha na kitabu peke yake, bali kulinganisha silinda kwa silinda. Silinda tatu zikiwa 150, 148 na 151, na ya nne ni 95, hapo kuna neno. Fundi hutia kijiko cha oili katika silinda dhaifu na kupima tena. Kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimelika. Kisipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa dhaifu pamoja, gasketi baina yao imeungua.

Gasketi huungua mara nyingi kwa sababu ya joto, na hapo tena mwinuko una sehemu yake. Maji huchemka kwa digrii 100 Mombasa, lakini Nairobi huchemka kwa digrii 95 hivi, na Limuru kwa karibu 93. Mfuniko wa rediata ndio unaoyazuia kwa kuyagandamiza. Mfuniko uliochoka hudhuru gari la Limuru kabla ya la Mombasa, na bei yake haifanani hata kidogo na bei ya kutengeneza hedi.

MAFUTA YENYEWE

Ikiwa kelele ni ile ya sarafu ndani ya kopo, na ilianza mara baada ya kujaza tangi, petroli yastahili kushukiwa. Mafuta ya taa yakichanganywa katika petroli huidhoofisha, nayo hulipuka kabla ya wakati. Kenya iliijua sana hila hii wakati mafuta ya taa yalipokuwa rahisi kuliko petroli, hata mwaka 2018 Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya wachanganyaji. Tone la petroli safi juu ya karatasi nyeupe hukauka bila kuacha kitu. Likiacha doa la mafuta, kuna kilichotiwa. Mwenye gari atunze risiti za petroli, maana mashtaka yasiyo na risiti hayana miguu.

Kugonga kwa petroli ni jambo la kale. Mwaka 1921 mtaalamu wa Marekani, Thomas Midgley, aligundua kwamba risasi ikitiwa katika petroli huzuia mlio huo. Ulimwengu ukafurahi, lakini risasi ilikuwa sumu, na watoto ndio walioumia zaidi. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliiacha petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na mwezi wa Agosti mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, lilitangaza kwamba hakuna nchi iliyokuwa ikiiuza tena kwa magari. Dawa inyamazishayo kelele si lazima iwe imeponya.

Hivyo ndivyo ilivyo pia kwa oili nzito inayotiwa ili kunyamazisha beringi zilizolika. Hununua majuma machache ya ukimya, mara nyingi kwa ajili ya kumdanganya mnunuzi. Anayekwenda kununua gari aombe kulikuta likiwa baridi, asubuhi, kabla halijawashwa.

KWENDA KWA FUNDI

Kirinyaga Road, ambayo zamani iliitwa Grogan Road na mpaka leo wengi waiita Grogan, ndiyo barabara iliyojulikana miaka mingi kwa maduka ya spea. Mafundi wa jua kali nao wako Kangemi, Kawangware na penginepo, na miongoni mwao wamo wenye masikio kuliko mashine. Lakini fundi hawezi kutibu asichoelezwa. Haifai kumwambia, "Nibadilishie pampu." Yafaa kumwambia, "Fundi, gari hupoteza nguvu likipanda kwa gia ya tatu, likisha kupata moto, na kelele yatoka chini upande wa kushoto." Mgonjwa humweleza daktari maumivu, hamwandikii dawa.

Tena ni haki ya mwenye gari kuuliza, kwa adabu, "Umejuaje?" Fundi mwema atamwonyesha kipimo, au atamwalika asikilize kwa bisibisi ndefu iliyoegemezwa sikioni. Spea ya zamani irudishwe mkononi mwa mwenyewe, na namba yake ilinganishwe na ya mpya kabla ya fedha kutoka. Kitu kimoja kibadilishwe kwa wakati mmoja. Vikibadilishwa vitano pamoja na gari likapona, hakuna ajuaye ni kipi kilichoponya.

WAKATI WA KUSIMAMA MARA MOJA

Kuna dalili zisizongoja fundi wa kesho. Taa nyekundu ya oili ikiwaka gari likitembea, injini izimwe mara tu pawepo nafasi ya salama kando ya njia. Beringi zisizo na oili huharibika kwa muda mfupi sana. Kugonga kuzito kutoka chini, hali kadhalika. Mshale wa joto ukipanda, gari lisimame, na mfuniko wa rediata usifunguliwe mpaka injini ipoe, kwa maana maji yaliyozuiliwa huruka na kuunguza uso. Harufu ya moshi ikiingia ndani ya gari, madirisha yafunguliwe na safari ikome. Moshi huo una hewa ya sumu isiyoonekana, na ndiyo sababu injini haipaswi kuwashwa ndani ya banda lililofungwa, hata kwa uchunguzi wa dakika chache.

Na mtu ambaye gari lake halina nguvu asijaribu kulipandisha Expressway, ile barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022 kutoka Mlolongo mpaka Westlands. Huko mwendo ni wa kasi na pa kujiweka kando ni haba. Njia ya chini ina msongamano, lakini ina mahali pa kusimama.

Daftari dogo na penseli ndani ya gari si mzigo. Humo ziandikwe tarehe ya kubadilisha oili, kilomita, mahali pa kujaza petroli, na siku ambayo sauti ngeni ilisikika kwa mara ya kwanza. Mwenye kumbukumbu hizo huweza kumwambia fundi ugonjwa ulianza lini, naye fundi huwa na mahali pa kuanzia kazi.